Taa ya Vifaranga Katika Nyumba ya Chatu

Najua mlikuwa mnaniita Redio. Mlidhani sisikii, lakini kuta za nyumba ya nyoka ni za mbao, na masikio yangu bado ni mazima. Kila asubuhi nilipokuwa napita kwenye vizimba nikisema kwa sauti, "Reli, joto ishirini na nane, unyevu sitini. Kifutu, joto ishirini na saba, unyevu arobaini," mlikuwa mnakonyezana. Mmoja wenu, simtaji jina ila anajijua na hicho kikofia chake, aliwahi kuniuliza, "Mathe, kwani unawasomea nyoka habari?" Nikamwambia ndiyo, na wao hawachoki kusikiliza kama wewe.

Sasa nimestaafu. Nimekaa kwangu Section 58, hapa Nakuru, na paka mmoja na magoti mawili yanayolalamika, na Chebet, binti aliyeshika nafasi yangu na ambaye huniita shosho, yaani bibi, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi yale ninayoyajua juu ya joto na unyevu. Vitabu anavyo, vipimo vya kisasa anavyo, hata simu yake hulia kizimba kikipoa. Lakini anasema kuna mambo simu haijui. Basi nitaandika, kwa kuzunguka kidogo kama ilivyo desturi yangu, na nitawaambia pia kwa nini Redio hakuzimwa miaka ishirini na miwili.

Sikuwahi kuota kwamba nitafuga nyoka. Mimi nilikuwa mfugaji wa kuku wa nyama, vifaranga mia mbili kwa awamu, nyuma ya nyumba hiyohiyo ninayokaa leo. Chakula cha kuku kilipopanda bei hadi faida ikaliwa na kuku wenyewe, nikaenda kuomba kazi ya usafi kwenye bustani yetu ya nyoka, pale kando ya barabara kuu kati ya Gilgil na Kikopey. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, tukimwita Daktari tu. Aliniuliza nimewahi kufuga nini. Nikasema vifaranga, na kwamba baridi ya Nakuru haijawahi kuniulia zaidi ya kumi katika awamu moja. Akacheka, akasema anayejua kulinda kifaranga Julai anaweza kufundishika. Nikaandikwa siku hiyohiyo.

Kanisani ilikuwa vita. Kina mama wa kikundi chetu walijisogeza mbali nami, kama mtu aliyekaa karibu na moshi. Mchungaji aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama nimesahau aliyemdanganya Hawa. Nikamwambia, "Pasta, yule alikuwa akitembea huru bustanini. Hawa wangu wako ndani ya kioo, na wanasomesha watoto watatu." Akaniomba nimpeleke awaone. Alifika na wazee wa kanisa wanne, na wa kwanza kukimbia kifutu alipopumua alikuwa yeye.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Shikuku. Alitoka Khayega, kule karibu na msitu wa Kakamega, na alikuwa mtu mfupi mwenye maneno makavu, anayevaa sweta mbili hata Februari. Nyoka hakuwaogopa kabisa ila baridi aliiogopa kuliko kifo. Siku ya kwanza alinipeleka mbele ya kizimba kikubwa kuliko vyote, akanionyesha chatu aliyejikunja kama tairi la lori. Huyo ndiye Reli. Alipewa jina hilo kwa sababu mgeni mmoja aliyemwona akijinyoosha alisema huyu akianzia Nakuru atafika Naivasha.

"Weka mkono kifuani," Mzee Shikuku aliniambia. "Unasikia joto?"

"Nasikia."

"Hiyo ni jiko yako. Umeibeba ndani. Baridi ikija, wewe unatetemeka, unakula ugali, jiko inawaka. Huyu hana jiko. Jiko yake iko nje. Sasa mama, jiko yake ni wewe."

Nimesoma mengi tangu siku ile, na sijapata maneno yaliyoyapita hayo. Nyoka, kobe, kenge, kinyonga, wote ni hivyo. Akipoa, chakula hakisagiki. Ukimlisha sungura kwenye wiki ya baridi, sungura ataozea tumboni kabla hajayeyuka, na utamkuta asubuhi ametapikwa, na harufu yake hutaisahau hadi Krismasi. Kwa hiyo Juni hadi Agosti punguza chakula. Atakuangalia kama mwenye njaa na wageni watakuita mkatili, lakini wewe shika msimamo.

Mzee Shikuku alikuwa na tabia moja. Tukifika kwenye kila kizimba, yeye alisimama nyuma yangu mikono mgongoni, akasema, "Nisomee." Nami niliinama nikasoma kipimajoto, kisha kile cha unyevu. Nikisoma kimoyomoyo alikemea. "Kwa sauti. Usininong'oneze, hii si maungamo." Nilidhani ndivyo anavyofundisha, kama mwalimu wa darasa la kwanza na watoto wake wa a, e, i. Nilichukia kidogo, maana mimi kusoma nilijua.

Sasa sikilizeni habari ya majira, maana hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosea. Wanakuja na karatasi imeandikwa joto fulani na unyevu fulani, wanaibandika ukutani na kuiamini mwaka mzima. Gilgil haisomi karatasi yenu. Januari na Februari upepo unabeba vumbi, midomo inapasuka, na hewa ndani ya kizimba inakauka hadi gazeti linakunjika lenyewe. Machi mvua ndefu inaingia na kila kitu kinapata ukungu, hadi mkanda wa kiatu. Juni baridi inakaa. Oktoba mvua fupi zinakuja kukutania, leo jua, kesho maji.

Kanuni ya Mzee Shikuku ilikuwa moja, na naomba muishike: baridi na unyevu visikutane. Joto likipanda, ongeza maji. Joto likishuka, punguza maji. Beseni la maji ni usukani wa gari. Ukilisogeza chini ya taa, maji yanapanda hewani na unyevu unaongezeka. Ukilirudisha upande wa baridi, unapungua. Hakuna haja ya kunyunyiza kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Na mkinyunyiza kabisa, iwe asubuhi msimu wa kiangazi, ili kizimba kikauke kabla ya jioni. Niliwahi kumkuta kijana mmoja mkakamavu akinyunyizia kifutu maji Julai saa kumi na moja jioni eti kwa sababu karatasi inasema. Wiki mbili baadaye kifutu alikuwa anapumua kwa filimbi, mapovu mdomoni, kichwa juu kama anaangalia dari. Mkiona kichwa kimeinuliwa hivyo siku nzima, msifikiri anasali. Mapafu yameingiwa na baridi, mwiteni daktari siku hiyo.

Kiangazi nacho kina ubaya wake. Nyoka akitaka kujivua ngozi, macho yake huingia ukungu wa rangi ya maziwa, na kwa wiki hivi haoni vizuri na adabu humtoka. Hewa ikiwa kavu, ngozi inatoka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na kile kigamba cha jicho kinabaki. Msikibandue na kucha! Chukueni karai la plastiki lenye mfuniko, mtoboe mlango, mjaze magunia yaliyoloweshwa na kukamuliwa, mmwache aingie mwenyewe. Atatoka kesho yake amevaa mpya.

Nakumbuka asubuhi moja Reli alikuwa katika hali hiyo, macho maziwa, na Mzee Shikuku akaingiza mkono kuchukua beseni kana kwamba hakuna kitu. Reli akamrukia. Meno ya chatu hayana sumu lakini ni mengi, na damu ilimwagika hadi kwenye sweta zote mbili. Mimi nilikuwa napiga kelele.

"Mzee, si macho yake yalikuwa meupe! Hukuona?"

"Uzembe," akasema, akijifunga kitambaa. "Na wewe acha kelele. Macho yake yatarudi wiki ijayo."

Niliona ajabu, maana mzembe hakuwa. Lakini nilikuwa na wiki tano kazini, ningemuuliza nini mtu mwenye miaka ishirini kazini?

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kuruka. Haitaruka.

Julai yangu ya kwanza ukungu ulishuka kutoka mlima wa Eburru ukakaa kama mgeni asiyeaga. Ijumaa mchana Mzee Shikuku aliitwa mazishini kwao, na Daktari alikuwa Nairobi. Kabla hajaondoka, mzee alinishika bega mbele ya Reli. "Taa yake usiiguse. Kipimo ikishuka, funika kioo na blanketi, jaza jerikeni maji moto, funga na gunia, weka nje ya ukuta wa nyuma. Basi. Usijifanye mjuaji." Nikasema sawa mzee.

Jumamosi kipimo kilishuka hadi ishirini na moja. Nikafunika kioo, nikaweka jerikeni, kikapanda kidogo kisha kikagoma. Reli alikuwa amejikunja sana, kichwa kimezama katikati. Nilipomwangalia niliona vifaranga wangu wanavyorundikana wakiwa na baridi, na roho ikaniuma. Jumapili baada ya ibada nilipitia nyumbani, nikachukua ile taa yangu nyekundu ya kulelea vifaranga, nikaitia kwenye kiondo, nikaenda nayo kazini. Nikaifunga kwa waya ndani ya kizimba, chini, kimo kilekile nilichofungia kuku. Mfugaji wa vifaranga haangalii kipimo, anaangalia vifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, wana joto kupita kiasi, inua taa. Wakitawanyika na kutulia, wako sawa, nenda ukapike. Kanuni hiyo haikuwahi kuniangusha.

Haikupita nusu saa, Reli akajikunjua, akatambaa hadi chini ya taa, akajilaza hapo na kutulia. Jamani, nilifurahi! Nilisoma kipimajoto kilichokuwa ukutani upande wa pili: ishirini na sita. Nikamshukuru Mungu, nikaimba hadi saa kumi na moja, nikafunga mlango nikaenda zangu.

Jumatatu asubuhi nilipofungua nilisikia harufu ya ukucha ulioungua. Reli alikuwa palepale, amejiegemeza kwenye taa. Hakusogea hata kidogo. Mgongoni magamba yalikuwa yamekauka na kuinuka, na chini yake nyama nyekundu, upana wa viganja vyangu viwili.

Hilo ndilo sikulijua, na ndilo nataka nyinyi mlijue leo bila kulilipia. Kifaranga akiungua anakimbia. Nyoka hulifuata joto, na ngozi yake inachelewa kumwambia imetosha. Kule porini joto linatoka juani na kwenye jiwe, na jua halijawahi kuning'inizwa shubiri moja kutoka mgongoni mwa mtu. Akitulia, msidhani kila mara ameridhika. Taa iwe nje ya kizimba, au nyuma ya waya wa kuku ambao hawezi kuugusa. Na kipimajoto kikae pale nyoka anapolala, si pale macho yenu yanapofika. Kizimba kiwe na upande wa joto na upande wa baridi, ili yeye achague. Mimi nilimpa Reli chaguo moja tu.

Mzee Shikuku alirudi saa nne, bado amevaa koti la mazishi. Alisimama mlangoni, akanusa. Akaja hadi kwenye kioo na kusema, "Nisomee."

"Ishirini na sita, mzee."

"Hapo ukutani. Na pale alipo?"

Nilichukua kipimajoto, nikakiweka chini ya taa. Kilipita hamsini. Nilisoma, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. Aliinamisha kichwa, akapitisha kiganja juu ya jeraha bila kuligusa, akisikia joto lake. Kisha akasema taratibu, "Toa hiyo kitu."

Daktari aliingia saa sita. Aliiona taa sakafuni, akamwona Reli, na uso wake ukabadilika. Chatu yule alikuwa amemlea tangu akiwa na urefu wa mkanda wa suruali.

"Nani amefunga hii taa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi, Daktari," Mzee Shikuku akasema. "Niliifunga Ijumaa nikienda. Nilihofia baridi."

"Wewe? Wewe Shikuku, miaka yote hii?"

"Ni mimi."

Na mimi mdomo wangu ukajifunga, nami nikauacha ujifunge. Njeri wangu alikuwa kidato cha pili, wawili wadogo walikuwa nyuma yake, na kazi nilikuwa na miezi mitatu tu. Sisemi hayo ili mnihurumie. Nasema ili mjue woga unaonekanaje ukiwa ndani ya mtu mwema, maana mimi nilijiona mtu mwema.

Daktari akasema kama Shikuku amesahau kazi ya ndani, basi akae nje. Kuanzia siku ile mzee akahamishiwa langoni kukata tikiti, na mimi nikaachiwa Reli. Daktari alinitazama akasema, "Huyu akifa, na wewe usirudi."

Kibanda cha langoni kilikuwa kimegusana na ukuta wa nyumba ya nyoka, mbao kwa mbao. Asubuhi ya kwanza nilikuwa mbele ya Reli na chupa ya dawa ya kuungua mkononi, sijui nianzie wapi, machozi yananitoka. Nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama Njeri. Nisomee."

Nikasoma kwa sauti ili asikie. Naye akaniambia kupitia ukutani: punguza maji, libaki bakuli dogo tu la kunywa. Gazeti libadilishwe asubuhi na jioni. Usimpake dawa nyingi kama unapaka mkate. Joto lisitikisike hata kidogo, mchana na usiku. Chakula bado. Kila siku kwa miezi minne nilisoma kwa sauti, na kila siku ukuta ulinijibu. Kuna siku jeraha lilianza kunuka na Daktari akatikisa kichwa, na mzee akasema nisogeze jerikeni karibu zaidi, nimpe joto lipande kidogo, mwili wake upigane. Wageni waliokuwa wanakata tikiti wakisikia mzee anapiga kelele ukutani, "Sogeza hiyo maji!" walidhani amechanganyikiwa. Hapo ndipo Redio alipozaliwa, wanangu.

Novemba Reli akala sungura. Hakumtapika. Nililia mbele ya wageni waliotoka Kikopey na mikono yao yenye mafuta ya mbuzi, na mmoja akanipa kitambaa akidhani namlilia sungura. Kwa njia, wanaotoka kula nyama choma waambieni wanawe mikono kabla hawajasogea kwenye vioo. Chatu anasoma harufu kwa ulimi, na Jumapili jioni Reli hujiona yuko buchani. Baada ya wiki kadhaa akajivua ngozi nzima, na kovu likabaki mgongoni, limekunjamana kama maziwa yaliyochemka yakapoa.

Nilijaribu kuomba msamaha mara nyingi pale langoni. Kila mara mzee alinikatiza, "Nenda ndani, nyoka wanakungoja." Kisha angeniuliza kama Eburru inaonekana leo. Ikionekana, siku itakuwa kavu. Isipoonekana, niandae mablanketi. Nikamjibu kila asubuhi miaka sita, kisha akarudi kwao Khayega, na Daktari naye baadaye akafariki bila mimi kumwambia neno. Deni hilo nilitembea nalo. Kila jambo jema lililonipata pale, na yalikuwa mengi, niliona nimelichukua kwenye sahani ya mtu mwingine. Njeri alimaliza chuo. Wadogo wakamaliza. Mimi nikawa mkuu wa nyumba ya nyoka, ninyi mkaja.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya kustaafu, niliona siwezi kuagwa kwa keki huku nimefunga mdomo. Nikafunga sukari kilo mbili, majani ya chai, na ngozi ya Reli iliyokuwa imetoka wiki ile, nikaikunja vizuri ndani ya gazeti, nikaenda Khayega. Mke wa mwanawe alinipokea uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, sweta mbili, na nilipomsalimu aliinua uso upande ambao sikuwepo.

"Hiyo ni Redio," akasema. "Hata mimi nilisikia walikuita hivyo."

Macho yake yalikuwa meupe yote mawili. Nilimwekea ile ngozi mapajani. Akaipapasa kuanzia mkiani, polepole, kidole kwa kidole, mita baada ya mita, akiikunja upande mmoja kadiri anavyosonga. Kisha vidole vikasimama.

"Hapa," akasema. "Hii ndiyo taa yako ya kuku."

Nikapiga magoti palepale kwenye nyasi. Nikamwambia yote: kwamba niliufungua mdomo, nikaufunga; kwamba nilimnyang'anya kazi yake; kwamba wiki mbili zijazo nitasimama mbele ya watu niseme ni mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Mama Njeri, miaka yote hiyo ulidhani nilikuwa nakufundisha kusoma?"

Sikuelewa.

"Nilikuwa sioni. Ilianza mwaka mmoja kabla hujaandikwa. Kwanza namba zikapotea, halafu nyoka. Mara mbili niliweka mkono kwa kifutu nikidhani ni kuni. Mara mbili! Ile siku Reli aliniuma, sikuona kama macho yake ni meupe. Yangu pia yalikuwa meupe. Na ningemwambia nani? Daktari angenituma nyumbani, na huku nyumbani nilikuwa na watoto. Halafu nikaenda mazishi, nikarudi, nikapata umeweka taa ya kuku." Akatikisa kichwa. "Taa ya kuku kwa nyoka yangu! Nilitaka kukupiga. Lakini nikaona mlango. Nikijitia makosa, nitatolewa kwa wale nyoka, na kazi nitabaki nayo. Langoni hakuna sumu, na pesa naijua kwa vidole. Ungesema ukweli siku ile, ningerudishwa ndani, na leo hungenipata hapa."

Alinitafuta kwa mkono hadi akakipata kichwa changu.

"Wewe ulikuwa unanishukuru kwa moyo kila asubuhi, nilikuwa nasikia kwa sauti yako. Na mimi nilikuwa upande ule mwingine, nakushukuru wewe. Ulikuwa unanisomea. Ilikuwa kama bado niko ndani."

Tulikunywa chai. Akaniambia nisiseme kwenye sherehe, nikakataa, nikasema, na bintiye Daktari anayeendesha bustani sasa alinikumbatia mbele yenu. Ndiyo maana nililia vile kabla ya keki, mkadhani ni uzee.

Namshukuru Mzee Shikuku. Namshukuru Daktari aliyemwandika kazi mama wa vifaranga. Namshukuru Reli, ambaye hana habari na shukrani yangu na hata leo angenimeza akipata nafasi.

Mimi nami daktari wa macho ameniambia kuna kitu kinaanza jicho la kushoto. Sikumwambia mtu. Juzi nilipita kuwasalimia, na Chebet akanipeleka kwa Reli. Niliinama kwenye kioo kusoma kipimo, nikainama zaidi. Chebet alikuwa nyuma yangu. Sikumwomba kitu.

"Joto twenty-nine, shosho," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Unyevu sixty. Na beseni nimelisogeza upande wa baridi."